Frere Town: nani alimkaribisha nani?

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, hufiki mbali kabla makanga hawajaanza kuita "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria wengi hushuka bila kuitupia jicho kengele yenyewe. Ipo kando ya barabara, imening'inizwa kwenye mnara mdogo uliozungukwa na tuktuk, bodaboda na wauza mahamri. Katika karne ya 19 kengele hii ilikuwa ikilia kuwaita watu shambani, shuleni na kwenye sala. Ililia pia kwa hofu, kuwaambia mahuru wa Frere Town, yaani watumwa waliopata uhuru, kwamba kuna watu wanakuja kuwanyakua tena.

Hapo hapo Frere Town lipo Kanisa la Emmanuel, la Kianglikana, lililojengwa miaka ya 1880 kwa mikono ya mahuru hao. Likitajwa, historia yake husimuliwa kwa pumzi moja: manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, wamisionari wakawapokea waliookolewa, kanisa likawa makao yao. Kanisa lililokaribisha wanyonge. Kila jambo katika masimulizi hayo lilitokea. Nisilokubaliana nalo ni mpangilio wa wahusika, maana daima mwenyeji ni Mzungu na mgeni ni Mwafrika, mmoja ana mkono wa kutoa na mwingine wa kupokea. Ukizifuata tarehe na majina, mpangilio huo hausimami hata kidogo.

Tuanze na mgeni wa kwanza kabisa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS (Church Missionary Society), alifika Mombasa mwaka 1844. Mkononi alikuwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, iliyowaagiza raia na maliwali wake wamtendee wema mtu huyu anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Msomaji apime jambo hilo: misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika Kenya ya leo iliingia kwa barua ya utambulisho ya mtawala Mwislamu. Mwaka huo huo Krapf alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Aliyemsaidia katika kazi yake ya mwanzo ya kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa. Na alipopata mwenzake, Johannes Rebmann, mwaka 1846, waliokubali wawili hao wajenge nyumba Rabai walikuwa wazee wa Kirabai, watu wenye kaya yao, mila zao na kila sababu ya kuwakatalia.

Rebmann alikaa huko miaka 29 na waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa mgonjwa wa kufa. Kwa muda wote huo wamisionari waliishi kwa hisani ya wenyeji. Walikula chakula cha wenyeji na kujifunza lugha kutoka vinywani mwao. Wangefukuzwa siku yoyote. Nadhani ndiyo sababu sehemu hii ya historia husomwa haraka haraka siku za maadhimisho: inamweka mhubiri kwenye kiti cha mgeni, na kiti hicho hakijawahi kuwa na starehe.

Frere Town yenyewe ilizaliwa kutokana na siasa za baharini. Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay, alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash. Mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini mkataba huo ulizaa swali ambalo London haikuwa na jibu lake: watu wanaotolewa kwenye majahazi wapelekwe wapi? Kwao ni Unyasa, Uyao, Umakua, mamia ya maili bara, na njia ya kurudi ndiyo ile ile waliyopitishwa wakiwa na minyororo. Frere akapendekeza CMS wafungue makazi karibu na Mombasa. William Salter Price alifika mwishoni mwa 1874, akanunua shamba ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 makazi yakaanza, yakapewa jina la Frere.

Price hakuteuliwa kwa bahati nasibu. Kabla ya hapo alikuwa Nasik, magharibi mwa India, akiendesha shule ya watoto wa Kiafrika waliookolewa kwenye majahazi na kupelekwa Bombay. Watoto hao walikua wakijua kusoma, useremala na uhunzi, na wakizungumza Kiingereza na Kihindustani. Baadhi yao walisafiri na David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti. Jacob Wainwright, mmoja wao, alikuwa kwenye msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani na akaufuata mpaka Uingereza. Matthew Wellington, mwingine wa msafara ule, aliishi Mombasa hadi uzeeni na kufariki mwaka 1935. Watu hawa waliitwa Waafrika wa Bombay, na watatu kati yao walikuwa wameshatangulia Mombasa tangu 1864, miaka kumi kabla ya Price: George David, William Jones na Ishmael Semler.

Hapa ndipo wenyeji wa kweli wanapopatikana. Manowari ilipotia nanga na kushusha mateka, kama walivyoitwa, walioshuka walikuwa watu waliokonda, wengi wao watoto, wasiojua Kiingereza wala Kiswahili, na ambao tayari walishaambiwa kwamba Wazungu hula watu. Mmisionari angewaambia nini? Jones alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Aliijua safari ile kwa mwili wake. Katika mazingira kama hayo, mtu anayekuelewa lugha na aliyepitia ulichopitia hukupokea kwa namna ambayo hotuba ya mwenye kofia ya jua haiwezi. Masimulizi ya kawaida huwapa kina Jones cheo cha wasaidizi, watu wa kutafsiri na kufundisha watoto. Kwa maoni yangu wao ndio waliokuwa kanisa, na ofisi ya misheni ilikuwa jengo la jirani.

Ofisi hiyo ilikuwa na upande wake mwingine. Mahuru wa Frere Town walikuwa huru kwa hati, lakini maisha yao yalipangwa kwa kengele na kwa sheria zilizotungwa na msimamizi: saa ya jembe, saa ya shule, ngoma zipi hazifai, pombe marufuku. Palikuwa na kifungo na palikuwa na viboko. Chini ya msimamizi mlei aliyeitwa Streeter adhabu hizo zilizidi mpaka habari zikafika kwa wakuu wa Kiingereza Zanzibar na kwa wakuu wa CMS London, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Price ikabidi arudishwe kuja kusafisha. Simtaji Streeter ili kuchafua kazi ya wengine. Namtaja kwa sababu mtu aliyetoroshwa kwenye mjeledi wa jahazi akakutana na mjeledi wa misheni ana haki ya kuuliza amepokelewa kama nani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Frere Town jembe lilitolewa siku ya kwanza, na kilichochelewa ni mgeni kuitwa mwenyeji.

Lakini sura nzito zaidi haikuandikwa Frere Town. Iliandikwa Rabai, na inawahusu watu ambao hakuna manowari iliyowaokoa: watoro. Msomaji wa leo husahau kwamba mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Katika mwambao wa Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa baharini alikuwa mateka aliyeokolewa, na aliyetoroka shamba la mnazi Mombasa au la mtama Malindi kwa miguu yake mwenyewe alikuwa mali iliyopotea. Misheni iliyompokea wa kwanza ilisifiwa kwenye magazeti ya London. Iliyompokea wa pili ilikuwa inaficha mali ya watu.

Balozi wa Uingereza Zanzibar alikuwa wazi: msipokee watoro. Wakuu wa CMS walisema hivyo hivyo, kwa lugha laini zaidi. Wamisionari wenyewe waliyumba. Walikuwapo waliofumba macho, na zilikuwapo nyakati watoro walifukuzwa au kurudishwa. Wasioyumba sana walikuwa Waafrika waliosimamia Rabai siku hadi siku, Jones akiwemo. Watu waliingia usiku, wakapewa pa kulala, wakapata kijishamba, wakajifunza kusoma, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka, au aliyetaka kukumbuka, kwamba fulani alikuwa wa bwana fulani.

Wengine hawakungoja hata misheni. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro waliishi pamoja na Wakristo wa Kigiriama katika kijiji ambacho hakikuwa na mmisionari wa Kizungu aliyekiongoza. Kiongozi wake David Koi aliuawa mwaka 1883 kwa sababu ya kuwahifadhi watu hao. Kama tunatafuta mfano wa kanisa lililokaribisha na kulipa gharama ya kukaribisha, mfano ni huo, na sijui ni mahubiri mangapi Pwani hii yamewahi kulitaja jina lake.

Mambo yalifika kilele mwaka 1888. George Mackenzie alikuja Mombasa kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akitaka kupatana na wenye mashamba kabla ya kuanza shughuli, na akakuta mji umekasirika. Wenye watumwa walisema watu wao wamejaa kwenye vituo vya misheni, na walikuwa tayari kwenda kuwachukua kwa silaha. Ukaguzi ukafanywa. Watoro zaidi ya 1,400 wakaonekana, sehemu kubwa Rabai, wengine kwenye vituo vya Wamethodisti. Wamisionari kadhaa walidai hawakujua. Watu elfu moja na mia nne! Wanalima, wanaimba tenzi Jumapili, wanazika na kuoana, na mkuu wa kituo hajui. Mimi naamini walijua kama mtu anavyojua jambo ambalo akilikubali kwa kinywa atalazimika kulitolea uamuzi.

Mackenzie alikata shauri kwa fedha: riale 25 kwa kila kichwa. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanywa Rabai na kugawiwa hati za uhuru. Siku hiyo ilikuwa ya shangwe na inastahili kukumbukwa. Hata hivyo angalia fedha zilikwenda kwa nani. Aliyelipwa ni aliyemiliki. Aliyefanya kazi miaka kumi bila ujira alipata karatasi. Na ukweli wa pili hausemwi vya kutosha: karatasi ile ilithibitisha jambo ambalo watoro na waliowapokea walikuwa wameshalifanya wenyewe, kwa hatari yao, miaka mingi kabla kampuni haijaja.

Niweke neno hapa kabla halijaniponyoka. Historia hii hutumiwa na baadhi yetu kama fimbo ya kuwapigia majirani Waislamu, kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa minyororo na mwingine wa funguo. Wenye mashamba Waarabu na Waswahili walikuwa wamiliki, hilo halina ubishi. Lakini Waingereza ndio waliolinda haki yao ya kumiliki mpaka 1907, miongoni mwa Wamijikenda walikuwapo walionunua watu na walikuwapo waliowaficha, na wa kwanza kabisa kumfungulia Krapf mlango alikuwa Sultani.

Turudi kwa Jones, maana kwake unaona vizuri nafasi ya Mwafrika katika kanisa alilolijenga. Askofu James Hannington alifika Januari 1885, na mwezi Mei mwaka huo akawabariki Jones na Semler kuwa mashemasi pale Frere Town. Miezi miwili baadaye akaondoka kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, Jones akiwa pamoja naye. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, Askofu akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50 hivi. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, pamoja na karibu wote aliokwenda nao. Jones alingoja. Waliosalimika wachache wakamfikishia habari. Basi shemasi wa miezi michache, mtumwa wa zamani, akaugeuza msafara na kuurudisha watu wakiwa hai, nchi baada ya nchi, mpaka Rabai, walikofika mapema mwaka 1886. Mbele walitanguliza kitambaa cha buluu chenye neno moja kwa herufi nyeupe: ICHABOD, jina la yule mtoto wa kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku ya msiba wa Israeli.

Hannington ana kanisa kuu la ukumbusho Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1905, na anastahili. Jones, aliyemrudishia kanisa watu wake, alisubiri hadi miaka ya 1890 kupewa ukasisi kamili. Uhusiano wake na wamisionari wa kizazi kipya uliharibika kwa jinsi walivyowatendea Waafrika wenzake. Sababu zilizotolewa za kuchelewesha watu kama yeye zilikuwa za kawaida: bado hawajakomaa, wanajiona, wanavaa suti. Kila mtu aliyekaa kwenye baraza la parokia atakuwa ameyasikia maneno ya ukoo huo, ingawa siku hizi huambiwa vijana na wanawake.

Na bado watu wa Frere Town walitengeneza kitu ambacho hakikuwapo. Walitoka makabila yasiyopungua kumi, hawana kaya wala makaburi ya mababu, na kwa kizazi kimoja wakawa jamii. Majirani wakawaita Wamisheni. Lugha yao ikawa Kiswahili. W. E. Taylor, mmisionari aliyekipenda Kimvita kuliko wote, aliwatafsiria tenzi na sala kwa lahaja ya Mombasa, kabla lahaja ya Unguja haijafanywa Kiswahili sanifu. Uprotestanti wa CMS ulitaka kila muumini ajisomee Biblia, na kusoma kukawafungulia milango ambayo misheni haikuikusudia: wakawa makarani wa Kampuni, watu wa reli, wakalimani, walimu wa bara. Ukoo wa Mbotela unaonyesha urefu wa safari hiyo. James Mbotela, mtoto wa huru wa Frere Town, aliandika historia ya watu wake kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1934. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union) na aliuawa Nairobi Novemba 1952. Leonard Mambo Mbotela, aliyeuliza redioni kwa miongo mingi kama huu ni ungwana, alikulia Frere Town na kufariki Februari 2025.

Kisha kitovu cha kanisa kikahamia bara. Reli ilifika Nairobi, misheni za Kikuyu na za Nyanza zikakua, na pesa na watu wakafuata. Shule ya theolojia iliyoanzishwa Frere Town mwaka 1903 ikahamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wahitimu wake wengi hawajui kwamba mizizi ya chuo iko Kisauni, eneo ilipo Frere Town, katika shule ya watoto wa mahuru.

Kilichobaki Frere Town ni watu na swali la ardhi. Shamba lilinunuliwa na misheni kwa ajili ya mahuru, lakini kwa jina la misheni. Vizazi vilivyofuata vililima na kuzika hapo bila hatimiliki, huku Nyali ikipanda bei kila mwaka mpaka ikawa mtaa wa matajiri. Malalamiko ya wajukuu hayajaisha. Na mjukuu akienda kuchukua kitambulisho anaulizwa kabila. Ajibu nini? Myao, wakati hajui neno la Kiyao? Mmijikenda, wakati Wamijikenda wanamjua kuwa Mmisheni? Kanisa ndilo lililompa babu yake jina, na ndilo lenye daftari linalothibitisha kwamba aliishi hapo.

Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kuandaa jubilei nyingine yenye fulana na keki. Dayosisi ya Mombasa ina mambo mawili inayoweza kuyafanya. La kwanza ni kukaa na familia hizi na wanasheria, kuzitoa nyaraka za shamba la awali na kusema wazi kipi kiliuzwa, lini, na kipi bado kinaweza kuandikwa kwa majina ya wanaokaa juu yake. La pili ni kumbukumbu. Barua na ripoti za CMS kuhusu Frere Town na Rabai zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mjukuu wa Kisauni anayetaka kujua manowari gani ilimshusha bibi yake, na bibi huyo alisema anatoka wapi, anahitaji viza. Nakala zake zinaweza kuletwa, na zikawekwa mahali ambapo mtu anashuka kwenye matatu na kuzisoma bure, kwa lugha anayoielewa, pamoja na majina ya David Koi, George David, Semler na Jones. Kazi ya kutafsiri pekee ingewapa vijana wa parokia shughuli ya miaka kadhaa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya lango jipya la kanisa.